Vichezeo kwa zamu

Vichezeo kwa zamu ni utaratibu wa malezi ambao mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huwekewa vichezeo vichache mbele yake, vingine vikafichwa, na baada ya siku kadhaa vilivyokuwa nje vikaenda kupumzika ili vilivyofichwa vitoke. Huendana na shughuli ndogondogo za kujifunza zisizohitaji duka: kutia vitu chomboni na kuvitoa, kuchota mchanga, kukoroga, kutafuta soksi pacha. Neno kichezeo hapa ni pana kuliko mdoli. Mwiko, sufuria na kopo tupu vimo, na kwa mtoto aliyetoka juzi kusimama dede mara nyingi ndivyo vinavyoshinda midoli.

Msingi wake

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa watoto wadogo jambo hilo limepimwa. Mwaka 1964 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Fantz aliwaonyesha watoto wachanga picha mbilimbili, moja ikirudiwa kila mara na ya pili ikibadilishwa. Waliovuka miezi 2 walizidi kuipa kisogo ile waliyoizoea na kuikodolea macho ile ngeni. Ndivyo kinavyokuwa kichezeo kilicholala sakafuni mwezi mzima: kipo kama ukuta ulivyopo. Kikifichwa wiki 2 kikarudi, hupokewa kama mgeni. Tena katika umri huu wiki 2 ni muda mrefu. Mtoto aliyekuwa akigonganisha vikombe viwili sasa anaweza kukipachika kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo kichezeo kinachorudi ni kilekile ila mtoto siye yule.

Jambo la pili ni idadi. Katika Chuo Kikuu cha Toledo, jimbo la Ohio, watafiti waliwaacha watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wacheze kwa dakika 15, safari moja chumbani mkiwa na vichezeo 4 na safari nyingine 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Penye vichezeo 4 mtoto alikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Penye 16 alirukaruka. Wanaopigia debe vichezeo kwa zamu huutaja sana utafiti huu, na hapo wanavuta kamba kidogo, maana ulilinganisha uchache na wingi, haukuipima zamu yenyewe. Hata hivyo mzazi aliyewahi kumwaga kapu zima la midoli mkekani anaujua mwisho wake: mtoto huokota, hutupa, huokota, hutupa, na muda si muda anavuta gauni la mama.

Asili

Wazo la kupunguza vitu ili mtoto apate kushika kimoja ni la zamani. Daktari Mwitalia Maria Montessori (1870–1952) alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Shule zilizofuata njia yake huweka vifaa kwenye rafu fupi zinazofikiwa na mtoto, kila kifaa kimoja tu. Anayetaka kilicho mkononi mwa mwenzake husubiri, na aliyemaliza hukirudisha mahali pake.

Mwingereza Elinor Goldschmied (1910–2009) alipita njia nyingine. Kwa mtoto anayekaa lakini hajaanza kutembea alitengeneza kikapu cha hazina, kilichojaa vitu vya nyumbani na vya porini, bila plastiki: brashi, vijiko vya mbao, mawe makubwa laini. Kwa wanaotembea alipendekeza mchezo wa uvumbuzi, ambamo watoto hupewa makopo mengi, minyororo mingi na mabomba mengi ya karatasi ngumu, naye mtu mzima huketi kando asielekeze. Hapa wingi si kosa, mradi ni wingi wa vitu vya aina chache.

Mswisi Jean Piaget (1896–1980), aliyewachunguza wanawe watatu tangu uchanga, alieleza kwamba mtoto aliyevuka miezi 12 hukidondosha kitu kimoja tena na tena akibadilisha mkono, kimo na upande ili aone kitatua wapi. Maelezo hayo huenda yakampa faraja mama anayeokota kijiko kwa mara ya nane.

Kopo na vifuniko

Shughuli inayofaa kuelezwa kwa kirefu ni ya kopo la maziwa ya unga lisilo na makali ukingoni, lenye kifuniko cha plastiki. Kifuniko hicho hukatwa ufa mrefu kidogo kuliko kifuniko cha dumu la lita 20, na kingo za ufa hubandikwa utepe. Vifuniko vitano au sita vya madumu, vikiwa vimeoshwa, huwekwa kando ya kopo.

Mtoto wa miezi 14 hushika kifuniko kwa kiganja kizima na kukilaza bapa juu ya ufa. Hakiingii. Hukisukuma, hukipiga, hutazama uso wa mtu mzima aliye karibu. Katika kupapasa kifuniko husimama wima, kikaingia nusu na kukwama. Hukibonyeza kwa kidole kimoja na bati hulia ndani. Hapo hunyamaza. Huchungulia ufani, hulitikisa kopo, husikiliza. Kisha hutafuta kifuniko cha pili, na safari hii mkono unageuka kabla haujafika kwenye ufa. Mkono huo uliogeuka mapema ndio habari yote, na mtu aliyekuwa akitazama simu hatauona.

Siku za mbele hugundua kwamba kopo lenyewe hufunguliwa, na kazi ikawa kumwaga. Baadaye hutumbukiza visivyopangwa: vibanio vya nguo, kadi ya kliniki, funguo za nyumba. Familia inayotumia kopo hili hujifunza kulichungulia kabla ya kumlaumu mtu kwa funguo zilizopotea.

Kupanga zamu

Vichezeo vyote hukusanywa, vilivyovunjika hutupwa, na vinavyosalia hugawanywa katika mafungu 3 au 4 yenye vitu 4 hadi 8 kila moja. Fungu zuri huchanganya: kitu cha kushughulisha vidole, cha kusukuma au kuvuta, cha kuigizia mambo ya wakubwa, na kitabu. Vitabu vya kurasa ngumu vya Kiswahili si rahisi kuvipata kila mahali. Albamu ya picha za ndugu au kalenda ya mwaka uliopita yenye picha za wanyama hufanya kazi hiyo vizuri. Mafungu yanayosubiri hukaa juu ya kabati au chini ya kitanda, ndani ya kitu chenye kifuniko kwa sababu ya vumbi na mende. Lililo nje hupangwa mahali ambapo kila kitu kinaonekana, iwe ni ubao juu ya matofali mawili au mkeka kando ya ukuta. Kapu lenye kina halifai, maana kilicho chini yake mtoto hakijui.

Wengi hubadilisha kila wiki 1 au 2, usiku mtoto akiwa amelala. Hata hivyo kalenda isimtawale mtoto. Kitu anachokirudia kila asubuhi hubaki, hata zamu yake ikiwa imekwisha, kwani kurudia ndiko kufanya kazi kwenyewe katika umri huu. Na kile kimoja anacholala nacho, hata kama ni kipande cha khanga kilichochakaa, hakiingii kwenye zamu kamwe. Kosa la kawaida zaidi ni kudhani kwamba zamu maana yake ni kununua kipya kila mwisho wa mwezi.

Nyumba za Afrika Mashariki

Zamu ni dawa ya wingi, na nyumba isiyo na wingi haiugui. Humo vitu hujizungusha vyenyewe. Jumamosi ya kufua huleta beseni, povu na vibanio. Siku ya kuchagua mchele huleta ungo. Msimu wa mahindi mabichi huleta maganda na magunzi. Siku ya wali wa nazi huacha vifuu viwili vinavyogonganishwa na kutoa mlio mzuri kuliko manyanga mengi ya dukani. Kaka na dada wakubwa huchonga magari ya waya na makopo, ingawa ncha za waya hulifanya gari hilo kuwa la kutazama tu kwa aliye chini ya miaka 3. Mzazi anayeyaona haya kuwa ni ufukara na kununua badala yake mdoli unaoimba kwa betri amelipa pesa ili apate kidogo zaidi, kwa sababu mdoli ndio unaocheza na mtoto amebaki mtazamaji.

Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya vifaa vya kujitengenezea kutokana na vitu vilivyopo mtaani. Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ujifunzaji wa awali ni moja ya nguzo zake 5, sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama.

Kuna faida moja ambayo Kiswahili huipa shughuli hizi. Mtoto akiambiwa "Lete kijiko. Kiko wapi? Hiki hapa!" na kisha "Lete mpira. Uko wapi? Huu hapa!", anapata ngeli bila kufundishwa ngeli. Vijiko vitatu na kimoja vikiwekwa kando kando, "hivi" na "hiki" hupata maana mbele ya macho yake. Atakosea kwa muda, atasema "kijiko yangu", na hana haja ya kusahihishwa, mtu mzima hujibu tu, "Eh, kijiko chako."

Usalama

Marekani vichezeo vya walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani kipimo cha tahadhari zaidi ni bomba la ndani la karatasi ya chooni. Vifuniko vya chupa ndogo za maji hupita bila taabu, ndiyo maana shughuli ya kopo hutumia vya madumu. Maharage, kunde na karanga, ambazo hupendekezwa mno kwa mazoezi ya kuchota, huishia puani na kooni. Mchanga uliochekechwa au unga wa mahindi unatosha. Betri bapa za mviringo, zinazokaa ndani ya rimoti na midoli ya kuimba, ni hatari ya aina yake: ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, na mtoto hukimbizwa hospitali papo hapo hata kama halii. Beseni la maji humwagwa mara mchezo unapokwisha, maana sentimita chache zinatosha kumzamisha mtoto.

Kuhusu runinga na simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauzipendekezi kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 huweka kikomo cha saa 1 kwa siku.

Mwisho wa zamu

Akikaribia miaka 3 mtoto hukumbuka kisichoonekana na hukidai kwa jina. Kuficha hakuna maana tena, kwani anajua sanduku liko juu ya kabati na ameshaanza kusogeza kigoda. Familia nyingi hapo humwachia achague mwenyewe kipi kitoke na kipi kirudi, na kwa kawaida hutaka vitoke vyote.