Vifungo vya zamani katika sweta za watoto wa Kisangani

Katika nyumba nyingi za Kisangani kuna kopo moja, la maziwa au la biskuti, ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa. Ndani mna vifungo, au mabutoni kama tunavyosema hapa. Nguo ikichakaa, mama anakata vifungo kwanza, halafu kitambaa kinakwenda kufuta meza. Vifungo vinangoja mtoto mwingine azaliwe, vishonwe kwenye sweta yake ya kufuma kwa mkono. (Ndiyo, kwa joto letu hili! Bibi gani wa hapa atakubali mjukuu atoke nje bila sufu?)

Kazi hii ya sindano mbili na uzi wa sufu ilikuja na misheni. Wabaptisti wa Uingereza walianza Yakusu, chini ya mji kwa kufuata mto, mwaka 1896. Baada ya vita kuu ya pili, utawala wa Wabelgiji uliongeza nyumba zilizoitwa Foyer Social, ambamo wanawake wa mjini walifundishwa mambo ya nyumbani: kupika, kushona, kufuma nguo za mtoto. Nia ilikuwa kumtengeneza mke wa mtu aliyesoma. Wabelgiji waliondoka, sindano zikabaki mikononi mwa mama zetu.

Vifungo vizuri vya wakati ule vilitoka kwenye kombe la chaza, kabla plastiki haijavishinda sokoni. Ukitaka kukitambua, kiweke shavuni: kombe ni baridi, plastiki haina baridi hiyo. Lakini tundu zake zinaweza kuwa kali, zikakata uzi. Tena kifungo kizito kinavuta sweta mpaka inalegea. Wajuzi wanashona kifungo kidogo bapa upande wa ndani, ili uzito ushikwe hapo.

Kopo la namna hii lina historia ya mji. Kuna vya nguo za Stanleyville, jina tuliloliacha mwaka 1966. Kuna vya abacost, koti la wakati wa Mobutu, lililovaliwa bila tai. Mwaka 1990 tai iliporuhusiwa tena, makoti mengi yaliingia sandukuni, na vifungo vyake vikaingia kopo.

Halafu kuna makopo yaliyopotea. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji wetu, na waliokimbia hawakufikiria vifungo. Tangu 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umefukuza familia nyingi upande wa Lubunga. Mama mmoja kati yao aliniambia kopo la mama yake liliungua pamoja na nyumba. Nilimuuliza kwa nini hakulibeba.

“Mwanangu, mikono ni miwili,” alijibu. “Mmoja ulishika mtoto, mwingine sufuria.”

Mtoto yule alikuwa amevaa sweta yenye vifungo vinne vya kombe. Sasa haimtoshi. Mama ameifumua, na uzi uleule anafumia mdogo wake aliyezaliwa ukimbizini. Vifungo vimebaki vitatu. Nafasi ya cha nne ameshona kifungo cha plastiki cha shati la mitumba, na anasema hakimpendezi.

Anayeangalia kopo lake leo jioni, hiki ndicho kinachotafutwa: kombe jeupe, tundu mbili, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kimoja tu.