Majina ya Watu Wote: Desturi ya Kuita Watoto Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwalimu apokeapo orodha ya wanafunzi wapya katika shule ya Mbinga au ya Mbamba Bay, hukuta humo majina kama Tumaini, Bahati, Zawadi, Faraja na Furaha. Akitaka kugawa mabweni kwa kutazama majina hayo tu, hatakosa kukosea, kwani Tumaini wa kwanza aweza kuwa mvulana na Tumaini wa pili akawa msichana. Wako wanaoiona hali hiyo kuwa kasoro, wakawashauri wazazi wachague majina yaliyo wazi zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakuna kasoro. Jina la watu wote ni tunda la lugha zetu wenyewe.

Tuanze na lugha. Kiswahili, kama Kimatengo, Kinyasa na lugha nyingine za Kibantu, hakigawi maneno kwa uume na uke. Tukisema "amefika", hatujataja kama aliyefika ni mume au mke, tumetaja mtu. Kwa hiyo neno la kawaida likifanywa kuwa jina, halina alama yoyote ya kulifunga upande mmoja. Hii si kusema kwamba mababu hawakuwa na majina ya wanaume peke yao au ya wanawake peke yao. Yalikuwapo, na yapo. Lakini mpaka huo uliwekwa na desturi, wala haukuwekwa na sarufi. Na desturi ya kijiji kimoja yaweza kuwa mbali na ya kijiji cha jirani.

Mpaka wa namna nyingine uliletwa na daftari la ubatizo. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafungua ile ya Kigonsera, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mbinga. Pamoja na dini walikuja na majina ya watakatifu, mengi yake yakiwa ya Kilatini. Na Kilatini ni lugha inayotofautisha uume na uke kwa mwisho wa neno. Ndipo yalipozoeleka majina yaendayo mawili mawili: Benedikto na Benedikta, Fransisko na Fransiska, Augustino na Augustina. Kwa mara ya kwanza silabi moja ya mwisho ilitosha kumwambia karani aliyemwandika mtoto ni wa jinsi gani.

Huko mwambaoni habari ilikuwa tofauti kidogo. Wamisionari wa Kianglikana walifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao katika miaka ya 1880, na vijiji vya pwani ya mashariki vilihudumiwa kutoka huko kwa meli. William Percival Johnson, aliyefanya kazi ziwani kwa miaka mingi na kufariki Liuli mwaka 1928, aliitafsiri Biblia katika Chinyanja. Makanisa ya upande wetu yaliendelea kuwa chini ya dayosisi ya ng'ambo hadi mwaka 1952, ilipoundwa Dayosisi ya Kusini Magharibi ya Tanganyika. Watu wa mwambao, basi, walisali na kusoma pamoja na wasemao Chinyanja, na kwa hao majina ya watu wote ni mengi mno.

Hapa pana somo kubwa. Chisomo maana yake ni neema, na Chikondi maana yake ni upendo. Kwa Wanyanja wa Malawi, majina hayo hupewa watoto wa kiume na wa kike pia. Kwetu Tanzania, Neema na Upendo ni majina ya wasichana. Tena Madalitso, yaani baraka, ni jina la wote kule, hali Baraka kwetu ni jina la wavulana. Maana ni ile ile, nalo ziwa ni moja. Kilichotofautiana ni mazoea tu. Basi nani aweza kudai kwamba neema kwa asili yake ni ya wanawake, na baraka ni ya wanaume?

Hata Ulaya mpaka huo haukuwa ukuta. Watawa wengi wa kike wa Kikatoliki, hasa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, walichukua majina ya watakatifu wa kiume walipoweka nadhiri. Nao mtunzi wa muziki Carl Maria von Weber na mshairi Rainer Maria Rilke walikuwa wanaume, ingawa walibeba jina la Bikira Maria.

Tusisahau pia majina ya ukoo. Komba, Ndunguru, Kapinga, Hyera na Kinunda, yanayojulikana sana Mbinga na Nyasa, hubebwa na kaka na dada bila kubadilika hata herufi moja. Na kwa desturi ya nchi nzima, binti huandika jina la baba yake baada ya jina lake mwenyewe, asionekane kwa hilo kuwa mwanamume. Kila msichana darasani amezoea kubeba jina la kiume katikati ya majina yake.

Yafaa tukumbuke kwamba taifa letu, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilijenga mazoea ya kuwaita wanaume na wanawake kwa neno moja, "ndugu". Neno hilo halikuwa geni, kwani lugha ilikuwa nalo tayari. Kwa hiyo mwalimu aonapo jina la Tumaini, asikisie; na asimcheke mvulana kwa kuwa na jina alilolizoea kwa msichana. Jinsi ina nafasi yake katika fomu. Jina lina kazi nyingine: kueleza wazazi walitumaini nini, au walishukuru nini, siku mtoto alipozaliwa. Hilo ndilo la kumwuliza.