Imbwa ya "basenji": namna wazee walivyomchagulia jike dume

Wakati wa Wabelgiji neno "basenji" lilikuwa tusi. Mtu wa mjini aliyevaa viatu na kujua Kifaransa alimwita hivyo ndugu yake wa kijijini, maana yake mtu wa pori asiye na akili. Hata leo watu wakigombana sokoni utalisikia. Kumbe neno hilohilo limekuwa jina la mbwa anayejulikana duniani kote, na Wazungu wanamnunua kwa dola nyingi.

Mbwa huyo ni wetu. Ni mdogo, kilo 10 ao 11, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso lina makunyanzi, na habweki kama mbwa wengine. Katika insha hii sitaki kumsifu tu. Nataka kuonyesha jambo moja: wale walioitwa basenji walijua namna ya kumchagulia jike dume, na wenye vitabu walipoacha njia hiyo, iliwabidi warudi huku kwetu kutafuta damu.

Kazi kwanza, rangi baadaye

Katika pori la Ituri mtu haoni mbali. Waefe, ambao ni wawindaji wa upinde, wanaingia porini pamoja na mbwa. Kwa kuwa mbwa habweki, wanamfunga shingoni kengele ya mti. Mboloko anashtuka na kukimbia, nao wawindaji wanafuata sauti ya kengele. Basi mbwa anayepotea, ao anayekula nyama peke yake kabla watu hawajafika, ni hasara kwa wote.

Mzee mmoja wa kwetu, aliyewinda ujanani mwake upande wa Mambasa, alinieleza hivi: "Sisi hatukuangalia rangi, mujukuu. Tuliuliza: mama yake anarudiaka nyumbani? Baba yake, ulimuona kazini na macho yako, ao walikuambia tu?" Dume lilipaswa kuonekana porini kiangazi kizima kabla ya kupewa jike.

Sharti la pili lilikuwa la undugu. "Mutu haoe dada yake. Imbwa pia njo vile." Kwa hiyo waliazima dume kwenye kijiji kingine, ng'ambo ya mto, na mwenye dume alilipwa kuku ao mtoto mmoja wa mbwa akiisha kuacha ziwa.

La tatu ndilo lililonishangaza. Hawakutafuta tu dume zuri, walitafuta dume ambalo kasoro yake si ileile ya jike. Jike mwenye mbio lakini mwoga hakupewa dume mwoga. Wakali wawili hawakuunganishwa, maana watoto wao wangeuma watu. "Ukipanda kasoro mara mbili, utavuna mara mbili," alisema mzee.

Tena hapakuwa na nafasi ya kujaribu ovyo. Mbwa wengi wanataka dume mara mbili kwa mwaka, lakini jike wa kizazi hiki kwa kawaida anataka mara moja tu. Ukikosea, unangoja mwaka mwingine. Ndiyo sababu mama wa nyumba alimfunga jike jikoni siku hizo zote, majuma mawili ao matatu, mpaka dume lililochaguliwa lifike. Baada ya siku kama 63 watoto wanazaliwa.

Tusidanganyane: si kila mara walifaulu. Mara nyingi jike alikata kamba usiku akajichagulia mwenyewe. Hapo pori lenyewe lilichagua upya, kwani mtoto dhaifu hakushinda minyoo, kupe wala chui.

Walipochukuliwa ng'ambo

Mwaka 1895 mbwa wa namna hii walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts, wakaitwa teria wa Kongo. Waingereza walikuwa na teria wao, mbwa wadogo wa kuwinda wanaoingia mashimoni, basi wakampa mgeni jina la mbwa waliyemjua. Hawakuishi muda mrefu; ugonjwa wa distempa uliwaua. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta wengine sita kutoka Sudani, nao wakafa baada ya kuchanjwa. Ni mwaka 1936 tu ambapo Olivia Burn alifaulu kuwatunza Uingereza wengine waliotoka Kongo, na mwaka 1937 watu walijaa Crufts kuwaangalia. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka Sudani ya kusini, akarudi na jike aliyeitwa Fula, ambaye damu yake imeenea sana katika ukoo wa mbwa hao.

Lakini hesabu yao ilikuwa ndogo. Babu na bibi wachache tu waliandikwa katika kitabu cha ukoo, kisha kitabu kikafungwa. Kuanzia hapo dume lilichaguliwa kwa karatasi na kwa uzuri wa mkia. Ndugu akampata ndugu, kizazi kwa kizazi.

Ugonjwa unaojificha

Matokeo yakaonekana. Kwanza ulitokea ugonjwa wa kupungukiwa damu. Kipimo kilipopatikana, mbwa wengi walioubeba waliondolewa katika uzazi, na ukoo uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba. Kisha ukaonekana ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Huo ni mjanja: mara nyingi unajionyesha mbwa akiwa na miaka 4 mpaka 8, wakati amekwisha kuzaa. Mtoto anaugua akipokea kasoro kwa baba na kwa mama pia. Akiipokea upande mmoja tu, ni mzima, lakini anaibeba.

Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja Zaire, upande wa Uele kwa Wazande, kutafuta mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 chama chao, American Kennel Club, kilifungua kitabu kwa ajili ya mbwa hao wachache, na rangi ya milia kama chui-milia ikakubaliwa. Tangu 2011 kuna kipimo chenyewe cha Fanconi. Sasa anayebeba kasoro hatupwi. Anaunganishwa na asiye nayo, na hakuna mtoto atakayeugua. Je, si neno lilelile la mzee: usipande kasoro mara mbili?

Na sisi?

Vita vya 1996 mpaka 2003 vilitukimbiza, na mbwa wengi waliachwa nyuma. Mbwa wa mjini wamepanda mpaka vijijini na wanachanganyika na wale wa zamani. Kuwinda nako kuna sheria zake, hasa tangu Hifadhi ya Okapi ilipoundwa mwaka 1992. Mimi sisemi kuchanganya ni kubaya, kwani damu mpya ndiyo iliyowaokoa hata wale wa ng'ambo. Kubaya ni kuchanganya bila kuchagua.

Yule mzee alinitajia majina ya mbwa wanane, mama mpaka mjukuu, na kazi ya kila mmoja, bila karatasi. Niliyaandika katika daftari. Nawaomba wasomaji mfanye vilevile kwenu: mwulizeni mzee jina la mbwa, la mama yake, la baba yake, na walichoweza porini. Hicho ndicho kitabu chetu cha ukoo, na bado hakijafungwa.