Nguo za kukimbilia, mvua ya Aprili na maneno ya Shangazi

 Najua nimekuwa kimya, mnisamehe. Zamu za usiku zimenibana, na nikirudi asubuhi nalala kama gogo. Ila leo nina siku mbili za mapumziko, chai ipo mezani, na nina deni la kulipa.

Deni lenyewe ni hili. Wiki iliyopita niliwatumia picha nikiwa nimetoka kukimbia. Nilivaa suruali ya kubana, koti jepesi la mvua nimelifunga kiunoni, kofia kichwani na glovu mkononi. Shangazi akapiga simu siku hiyohiyo: "Mwanangu, hiyo ndiyo nguo ya kutokea nje? Na mbona umevaa ya baridi na ya joto kwa pamoja, umechanganyikiwa?" Nilicheka, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya Shangazi, jibu ndilo hili, na wengine mnaweza kusikiliza.

Kwanza hali ya hewa. Ninaishi karibu na Boston, jimbo la Massachusetts. Baada ya baridi kali kuna miezi kama mitatu, Machi mpaka Mei, ambayo vitabuni inaitwa majira ya machipuko. Jina zuri, lakini tabia yake kama mtoto asiye na adabu. Unaweza kuamka nyuzi 3, saa sita mchana zikawa 18, saa tisa ikapiga mvua na upepo unaokata masikio. Nyumbani tukisema masika tunajua ni mvua, na kiangazi tunajua ni jua. Huku vyote vinakuja siku moja.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilitoka na jua, nimevaa fulana ya pamba na trakisuti nzito ya pamba, nikakimbia maili tatu kwenda. Wakati wa kurudi mvua ikaja. Ile trakisuti ikanywa maji mpaka ikawa nzito kama blanketi lililotoka kufuliwa. Nilipofika mlangoni vidole havikuweza kushika ufunguo, na jirani ndiye aliyenifungulia. Na mimi ni nesi! Ninajua vizuri kwamba joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na kwamba maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25. Nilikuwa nayajua ya kwenye mtihani, nikayasahau barabarani.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza watu na kusoma. Nilitafuta nguo, nikakuta historia. Na historia yenyewe imepita mji huuhuu, kwenye marathoni ya Boston, iliyoanza mwaka 1897 na ambayo kwa kawaida hukimbiwa Aprili. Sisi Watanzania tunaikumbuka kwa ajili ya Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja tu. Sijapata kusikia mtu akimwuliza Ikangaa kwa nini bukta yake ni fupi.

Kwa wanawake ilikuwa hadithi nyingine. Mwaka 1966 msichana mmoja anayeitwa Bobbi Gibb aliandika barua kuomba kukimbia Boston. Akajibiwa kwamba mwili wa mwanamke hauwezi mbio za namna hiyo, na sheria haziruhusu. Wakati huo mbio ndefu kuliko zote zilizoruhusiwa rasmi kwa wanawake Marekani zilikuwa maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4. Marathoni ni kilomita 42 na ushee. Bobbi alikuwa ameshazoea umbali mrefu peke yake. Na mnajua alikuwa akifanyia mazoezi na viatu gani? Viatu vyeupe vya ngozi vya manesi! Viatu vya kukimbilia vya kike havikuwepo madukani. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikaangalia viatu vyangu vya kazini pale mlangoni.

Akapanda basi kutoka San Diego, upande wa pili wa nchi, safari ya siku nne. Siku ya mashindano, tarehe 19 Aprili, alivaa bukta ya kaka yake, ndani nguo ya kuogelea, na juu sweta lenye kofia ili asijulikane. Viatu vya kiume vipya. Akajificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, kundi la wanaume lilipopita akachomoka na kujiunga nalo.

Sasa sikilizeni jinsi nguo na hali ya hewa vilivyoingia hapa. Lile sweta lilikuwa maficho yake, lakini mwili ulishaanza kupata moto. Akilivua, watamwona. Asipolivua, atapikika. Wanaume waliokuwa karibu yake walikuwa wameshagundua kuwa ni mwanamke, na badala ya kumfukuza wakamwambia hawatakubali mtu amtoe, barabara ni ya wote. Akavua sweta. Akamaliza kwa saa 3 dakika 21, mbele ya wanaume wengi. Matokeo yake hayakuandikwa rasmi. Ilipofika mwaka 1996 ndipo waandaaji walipomtambua rasmi kuwa mshindi wa wanawake wa 1966, 1967 na 1968.

Mwaka uliofuata, 1967, ikawa kinyume. Kathrine Switzer, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Syracuse, alijiandikisha kwa herufi za mwanzo tu, K. V. Switzer, akapewa namba 261. Alikuwa ameandaa bukta na blauzi ya kupendeza. Asubuhi kukawa na baridi na theluji ya majimaji, ikabidi avae trakisuti kubwa ya kijivu kama wanaume wote. Hivyo hakujificha, baridi ndiyo iliyomfunika. Mbio zilipokuwa zimeshaanza, ofisa mmoja, Jock Semple, akamtambua, akaruka kutoka kwenye gari na kumvamia ili amng'oe ile namba. Mpenzi wake, mrusha nyundo, akampiga kikumbo yule ofisa akaenda pembeni. Picha zikazunguka dunia nzima. Kathrine akaendelea mpaka mwisho. Mwaka 2017, akiwa na miaka 70, alikimbia tena Boston na namba ileile 261.

Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1972. Walianza wanane, wakamaliza wote wanane, na Nina Kuscsik akawa wa kwanza. Lakini ruhusa haikuja na nguo. Waliendelea kuvaa mabaki ya kiume, na tatizo kubwa, Shangazi nisamehe nataja, lilikuwa kifuani. Mwanamke anayekimbia bila kitu cha kumshikilia anaumia. Mwaka 1977 kule Burlington, Vermont, Lisa Lindahl na rafiki zake Polly Smith na Hinda Miller walichukua zile chupi za wanamichezo wa kiume za kushikilia sehemu nyeti, wakashona mbili pamoja. Ndiyo sidiria ya kwanza ya michezo, jamani. Msicheke. Mwaka 2022 wote watatu waliingizwa kwenye jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani.

Vitambaa navyo vilikuwa vinabadilika. Uzi wa kuvutika unaofanya suruali yangu ibane ulitengenezwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont. Mwaka 1969 Bob Gore alinyoosha ghafla plastiki ya aina ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, ikawa na vitundu vidogo mno. Tone la mvua haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho unatoka. Makoti mengi ya mvua ya wakimbiaji yanafuata wazo hilo.

Sasa turudi kwenye picha yangu. Shangazi, sikuchanganyikiwa. Mkimbiaji anatengeneza joto mwenyewe, kwa hiyo ukitoka lazima uhisi baridi kidogo dakika kumi za kwanza. Ukiwa na joto mlangoni, utapikika njiani kama Bobbi na sweta lake. Mimi navaa kana kwamba kuna joto la nyuzi kama nane zaidi ya zilizotangazwa. Ndani nguo isiyo ya pamba, inayosukuma jasho nje. Sidiria ya michezo inayobana sawasawa: unaruka mara tano dukani, ukisikia kuumia unairudisha. Juu koti jepesi linalofungika kiunoni. Kofia yenye kiambaza, kwa sababu inazuia mvua na jua vilevile. Glovu nyembamba, za kuvua na kutia mfukoni. Suruali ya kubana ni kwa sababu suruali pana ikilowa inapiga miguu na kuchubua mapaja. Hakuna cha kujionyesha hapo.

Na Aprili haisamehe hata mabingwa. Mwaka 2012 joto la Boston lilipita nyuzi 30, na Sharon Cherop wa Kenya ndiye aliyeshinda. Mwaka 2018 ikawa nyuzi kama 4, mvua na upepo wa usoni njia nzima. Mabingwa wengi walijitoa. Des Linden alikimbia na koti lake la mvua, akashinda kwa saa 2 dakika 39. Na wa pili je? Sarah Sellers, mtu ambaye wengi hawakumjua, nesi wa nusukaputi kutoka Arizona, aliyekuwa akifanya mazoezi kabla au baada ya kazi. Ilikuwa marathoni yake ya pili maishani. Wodini kwetu habari ile ilishangiliwa kama tumeshinda sisi.

Kwa nini nimeandika yote haya? Si kwa ajili ya picha tu. Dada aliniambia binti yake, yuko kidato cha pili, ameacha riadha. Alikuwa anaongoza mchakamchaka, mwalimu akamwona ana mbio, akamchagua timu ya shule. Sasa hataki. Alipobanwa sana akasema wavulana wanamcheka kifua kinavyoruka, na mtu mzima mmoja wa familia alimwambia msichana mwenye heshima hakimbii barabarani. Simtaji. Nadhani anajijua, na najua alisema kwa mapenzi.

Mimi mwenyewe niliacha kukimbia nikiwa na umri wa binti huyo, kwa sababu hiyohiyo, na sikumwambia mtu. Nilidhani ni mwili wangu wenye kosa. Imenichukua miaka zaidi ya kumi na kuvuka bahari kujua kwamba kosa halikuwa la mwili, nilikuwa sina nguo. Bobbi aliambiwa mwili wake hauwezi, naye alikuwa amevaa viatu vya nesi na bukta ya kaka.

Kwa hiyo kuna rafiki anakuja nyumbani mwezi ujao, nimempa kifurushi. Kuna sidiria mbili za michezo, raba za saizi yake, bukta ndefu ya kufika magotini, fulana isiyo ya pamba na koti la mvua la masika. Kila kitu kina heshima zake, Shangazi, nimekuwaza wewe nikichagua. Ninaomba kitu kimoja tu: umkabidhi wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Akipokea kutoka kwako atajua ameruhusiwa, na ruhusa hiyo mimi siwezi kuifunga kwenye kifurushi.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Nje sasa hivi kuna jua, ila wingu lile la magharibi silipendi, koti nabeba. Nisalimieni wote, na mama mwambieni dawa za presha asiruke hata siku moja. Wasalaam.