Kitako: istilahi ya majeshi ya mezani

Katika michezo ya vita vya mezani, kitako ni bapa jembamba la plastiki, mbao au chuma linalobandikwa chini ya kisanamu kimoja au kadhaa. Waingereza hukiita base, na kazi ya kukiandaa wakaiita basing. Makala haya yanapendekeza kitako kiwe jina lake la Kiswahili, na mfano wetu ni askari wa farasi wa zama za kale, kwa kuwa wao ndio wanaoonyesha vizuri kitako kinafanya kazi gani.

Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipochapisha Little Wars mwaka 1913, kila mwanasesere alihesabiwa peke yake, na waliangushwa kwa mizinga ya kuchezea. Kitako kilikuwepo ili mwanasesere asimame, basi. Kanuni za De Bellis Antiquitatis, zilizotolewa na Wargames Research Group ya Uingereza mwaka 1990, zina hesabu nyingine kabisa. Humo jeshi ni vitako 12. Anayesogea, anayepigana na anayeshindwa ni kitako, wala si askari mmojammoja. Kikishindwa kabisa, huondolewa mezani pamoja na wote waliosimama juu yake. Katika toleo la tatu, la mwaka 2014, hata mwendo wa kikosi hupimwa kwa upana wa kitako. Kwa hiyo kitako kimekuwa kipimo cha mchezo mzima.

Ndiyo maana vipimo vyake havibahatishwi. Kwa visanamu vya milimita 15, yaani vile ambavyo mtu ana kimo cha karibu hicho, kila kitako kina upana wa milimita 40. Kinachotofautiana ni kina na idadi ya watu. Askari wa miguu wenye mikuki hukaa wanne kwenye kina cha milimita 15, wamebanana bega kwa bega. Askari wa farasi wa kawaida hukaa watatu, na kina hupanda hadi milimita 30, maana farasi ana kichwa mbele na mkia nyuma. Farasi wepesi, wale wa kurusha mikuki na kutoroka, huwa wawili tu kwenye nafasi hiyohiyo. Tembo hupewa mraba wa milimita 40 peke yake. Mchezaji akiangalia upande wa pili wa meza, nafasi iliyoachwa kati ya farasi na farasi humwambia anapambana na nani, hata kabla hajatazama mavazi.

Sasa tuwachukue Wanumidia, wapandafarasi wepesi mashuhuri wa Afrika Kaskazini, kutoka eneo ambalo leo ni Algeria na sehemu ya Tunisia. Walimtumikia jemadari Hannibal wa Karthago. Na katika vita vya Zama, mwaka 202 kabla ya Kristo, wale waliomfuata kiongozi wao Masinissa walikuwa upande wa Roma, wakachangia sana kumshinda Hannibal. Waandishi wa kale, Livy miongoni mwao, wameeleza kwamba waliendesha farasi bila hatamu. Kwa mchoraji hiyo ni nafuu kubwa: hakuna lijamu wala tandiko la kupaka, na vikuku vya kukanyagia havikuwepo kwa mpandafarasi yeyote wa Ugiriki au Roma ya kale. Kinachobaki ni farasi mdogo mwenye kamba shingoni, kijana mwenye kanzu fupi isiyotiwa rangi, ngao ndogo ya duara na mikuki miepesi.

Kisanamu cha chuma husafishwa kwanza. Mstari ulioachwa na kalibu hukwanguliwa kwa kisu au tupa, kisha kisanamu huoshwa kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke. Kikikauka hupigwa praima, yaani rangi ya kwanza. Farasi wa kahawia hupakwa rangi ya mwili, halafu singa, mkia na sehemu ya chini ya miguu huwa nyeusi. Baada ya hapo humwagiwa rangi nyepesi ya majimaji, ambayo hukimbilia kwenye mikunjo na kuacha kivuli kati ya misuli. Hatua ya mwisho ni brashi kavu: rangi hufutwa kwenye kitambaa mpaka ibaki kidogo sana, kisha nywele za brashi zinapitishwa juujuu, na sehemu zilizoinuka hung'aa. Wengi hupaka mpandaji na farasi mbalimbali, ndipo wawaunganishe kwa gundi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitako, na ndipo istilahi ya Kiingereza inapohitaji kuchambuliwa. Neno basing linabeba kazi mbili. Ya kwanza ni kukibandika kisanamu kwenye bapa lenye kipimo sahihi. Hiyo tuiite kutia kitako. Ya pili ni kulipamba bapa hilo lifanane na ardhi. Hiyo tuiite kuvika kitako. Katika kutia kitako, jambo la msingi ni vipimo na mpangilio: vichwa vya farasi visitokeze mbele kiasi cha kuzuia vitako viwili visigusane vinapokutana, na Wanumidia wawili wasielekee upande mmoja kama askari wa gwaride. Katika kuvika kitako, jambo la msingi ni mahali. Chini ya kwato hupakwa puti ili ukingo wa chuma uliomiminwa pamoja na farasi usionekane. Juu yake huja gundi ya mbao na mchanga mkavu, kisha rangi ya udongo, kisha brashi kavu ya rangi iliyofifia, na vishungi viwili vitatu vya nyasi zilizokauka. Majani mabichi ya bustani ya Uingereza hayamfai mtu wa Numidia. Fundi mzuri hugusisha rangi ya ardhi hiyohiyo kwenye kwato, vumbi lionekane limepanda miguuni.

Je, kwa nini kitako na si neno jingine? Msingi lingeweza kufaa, lakini mafundi wa rangi tayari wanalo kwa rangi ya kwanza, na sentensi yenye misingi miwili humchanganya msomaji. Kambi na kituo ni tafsiri za base ya kijeshi, na hapa, kwenye mchezo wa vita, zingeleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Besi limeshachukuliwa na sauti nzito ya muziki pamoja na somo la kemia. Kibao kinavutia, kwa kuwa mabapa mengi hukatwa kwa mbao, lakini kinataja malighafi. Wapo wanaotumia plastiki, bati, hata sarafu. Kitako kinataja kazi: ni sehemu ya chini ambayo kitu hukalia. Atakayecheka kwa sababu ya mzizi wa neno akumbuke kwamba kitako cha bunduki hutajwa kambini kila siku na hakuna anayeshtuka.

Neno hili pia linazaa bila taabu. Tunapata upana wa kitako na kina cha kitako. Kitako cha mmoja kwa kanuni zinazohesabu askari mmojammoja, na kitako cha pamoja kwa zile zinazohesabu vikosi. Kutia kitako, kuvika kitako, na kubandua kitako pale mchezaji anapohamia kanuni zenye vipimo vingine. Istilahi inayojitosheleza kwa nomino na vitenzi vyake haina haja ya kukopa. Anayeandika au kutafsiri kanuni za michezo hii kwa Kiswahili atumie kitako, na atenganishe kutia na kuvika, kwa sababu kosa la kwanza huharibu mchezo na la pili huharibu sura tu.