Uta, Mti Wake na Fundi Wake: Historia na Hukumu

  

Msomaji wa vitabu vya fiqhi hukuta mlango wa mashindano ya farasi na mishale, na mara nyingi huupita haraka akidhani ni mambo yaliyokwisha zamani. Sisi nasi tulipousoma mbele ya masheikh wetu tuliupita hivyo hivyo. Lakini ndani yake mna suala ambalo Waislamu bado wanagombana kwalo kila siku: je, yafaa Muislamu kutumia chombo kilichobuniwa na watu wasiokuwa wa dini yake? Wanazuoni walilijibu suala hili kwa mfano wa uta. Ili tulifahamu jawabu lao, yatupasa kwanza tuujue uta wenyewe.

Uta wa Waarabu

Uta wa asili wa Hijazi ulikuwa wa mti mtupu. Kama umetengenezwa kwa tawi zima lisilopasuliwa, uliitwa qadhib. Kama fundi amelipasua tawi akatumia kipande chake, uliitwa filq. Mti uliosifiwa kuliko yote ni nab'. Wanalugha, akiwemo al-Mubarrad, wametaja kuwa nab', shiryan na shawhat ni mti mmoja, ila majina hutofautiana kwa mahali unapoota: wa kileleni mwa jabali ni nab', wa ubavuni ni shiryan, na wa chini bondeni ni shawhat. Ubora wake hushuka kadiri unavyoshuka mlima. Na hili lina maana kwa fundi, kwani mti unaokua taratibu katika mawe na ukame huwa mgumu na wenye nyuzi zilizoshikana.

Waandishi wa Sira wametaja nyuta za Mtume (s.a.w.) kwa majina na kwa miti yake: as-Safraa ya nab' na al-Baydhaa ya shawhat. Wametaja pia al-Katum, iliyovunjika siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), ikachukuliwa na Qatada bin Nu'man (r.a.).

Uta wa tabaka

Wafursi na Waturuki walikuwa na uta wa namna nyingine. Ulikuwa mfupi, unaomfaa mpanda farasi, nao ulijengwa kwa vitu vinne: mti, pembe, kano na gundi. Mafundi wa dola ya Uthmaniya walipenda mti unaoitwa kwa Kiarabu qayqab, unaoota katika nchi za baridi. Fundi alitafuta kipande chenye nyuzi zilizonyooka na kisicho na kifundo hata kimoja, kwa sababu pale penye kifundo ndipo uta utakapovunjikia. Alikichemsha au kukifukiza kwa mvuke mpaka kikalainika, akakikunja taratibu juu ya kalibu, akakifunga kwa kamba na kukiacha kikauke. Mti uliokunjwa hivyo ukikauka hubaki na umbo ulilopewa. Mwenye pupa akiukunja kabla haujalainika, nyuzi hupasuka. Akiufungua kabla haujakauka, hurudi ulikotoka.

Kisha aligandisha pembe ya nyati wa majini upande wa tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, kwa sababu pembe huvumilia kubanwa. Upande wa mgongo aliweka kano za miguu ya ng'ombe zilizochambuliwa nyuzi nyuzi na kulowekwa gundi, kwa sababu kano huvumilia kuvutwa. Gundi ilipikwa kwa kano na kwa bondo la samaki. Kila tabaka lilingojewa likauke, na kwa hiyo uta mmoja ulichukua mwaka au zaidi. Ukivuliwa upote wake, uta huu hujikunja kinyume mpaka ncha zake hukaribia kukutana. Kwa hiyo unapotiwa upote tayari una nguvu ndani yake hata kabla ya kuvutwa.

Elimu hii iliandikwa. Murdha at-Tarsusi aliandika kitabu cha silaha kwa ajili ya Sultani Salahuddin, aliyefariki mwaka 1193. Taybugha aliandika Ghunyat at-Tullab katika zama za Mamaluki, karibu na mwaka 1368. Mustafa Kani naye alikusanya elimu ya Waturuki kwa amri ya Sultani Mahmud wa Pili (1808-1839).

Hukumu zake

Suala la kwanza ni twahara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, pembe na kano za mzoga ni najisi, na kwa hiyo huangaliwa kama mnyama alichinjwa kisheria. Mahanafi wameona pembe ni twahara hata ikitoka kwa mzoga, kwa kuwa haina uhai, na katika kano wana kauli mbili. Gundi ya samaki haina tatizo, kwani mfu wa samaki ni halali. Wala msomaji asistaajabu kuona maimamu wakizama katika mambo haya. Imam Shafi mwenyewe (150-204 H) imepokewa kuwa alikuwa hodari wa mishale, akipiga kumi bila ya kukosa.

Suala la pili ndilo tulilolianza. Ibn Majah amepokea kwa Ali (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mtu na uta wa Kifursi akamwamuru autupe na ashike wa Kiarabu. Baadhi ya wanazuoni wakauchukia uta huo kwa ajili ya habari hii. Lakini isnadi yake ni dhaifu. Na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 H, ameeleza katika al-Mughni kuwa Waislamu wamekubaliana juu ya kuutumia, na kwamba hata habari ile yaweza kuchukuliwa kuwa ilisemwa wakati wenye kuubeba hawakuwa wamesilimu bado. Maana yake ni kuwa ubaya haukuwa katika mti wala pembe, bali katika hali ya waliokuwa wakiushika.

Tutazame basi matokeo. Uta uliochukiwa na baadhi ndio uliolinda mipaka ya Waislamu kwa karne nyingi. Baada ya kufunguliwa Istanbul mwaka 1453, Sultani Muhammad al-Fatih aliuwekea uwanja, Okmeydani, na baadaye pakajengwa tekke ya wapigaji. Lau wangeshika habari dhaifu bila ya kupima, wangebaki mikono mitupu.

Malipo ya fundi

Imepokewa katika Sunan kuwa kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwaingiza watu watatu Peponi, na wa kwanza kutajwa ni fundi aliyeutengeneza akitaraji kheri katika kazi yake. Fundi huyu hakuiona vita. Alikaa na kalibu yake na chungu cha gundi akingoja mti ukauke, naye akatangulizwa katika kutajwa.

Leo tunawasifu vijana wetu wanaohifadhi matini, na wanastahiki sifa. Lakini mara ngapi tumemdharau yule aliyetoka madrasa akaenda kujifunza useremala au ufundi wa mashine, tukasema amepotea? Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza upigaji uta wa Kituruki katika orodha ya turathi za walimwengu. Ni jambo la heri. Lakini turathi tuliyoamrishwa kuishika ni ile ya fundi: kuchagua mti ulio sawa, kuukunja kwa subira, na kuitakasa nia wakati mikono inafanya kazi.

Wallahu a'lam.