Mzazi ashika usukani katika tiba ya kigugumizi

KWA miaka mingi wazazi wa watoto wenye kigugumizi walibebeshwa lawama. Katika miaka ya 1940, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alidai kuwa tatizo hilo huanzia katika sikio la mzazi anayekosoa usemi wa kawaida, wala si katika kinywa cha mtoto. Wengi wakashauriwa wanyamaze, wajifanye hawakusikia lolote.

Mpango wa Lidcombe, uliobuniwa jijini Sydney, Australia, miaka ya 1980, uliupindua ushauri huo. Hapa mzazi ndiye anayetoa tiba, nyumbani, kila siku, hasa kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka sita. Hutenga dakika chache za mchezo au kitabu cha picha, na mtoto akinena bila kukwama husifiwa: "Umesema vizuri, hukukwama." Mara mojamoja tu huombwa alirudie neno lililomtatiza. Sifa sharti zizidi masahihisho kwa mbali, la sivyo mtoto ataona kusema ni adhabu. Kila wiki mtaalamu hukutana nao na kukagua alama ambazo mzazi ameandika kuhusu ukali wa kigugumizi siku hadi siku.

Utafiti uliofanyiwa watoto 54 nchini New Zealand na kuchapishwa 2005 ulionyesha kuwa, baada ya miezi tisa, waliopata tiba hiyo walikwama katika silabi 1.5 kwa kila 100. Wenzao ambao hawakuipata, 3.9. Ni kweli watoto wengi hupona wenyewe, lakini hakuna awezaye kubashiri kwa yakini ni yupi atakayepona.